Zamu ya Nani Kubaki na Mtoto?

Ukitaka kujua nani mwenye hobi katika nyumba yenye mtoto mdogo, usiulize nani anapenda mpira na nani anapenda kuimba. Angalia nani anaondoka bila kuaga. Mmoja Jumamosi asubuhi huchukua begi la viatu, akasema "nipo uwanjani," na mlango umefungwa. Mwenzake, ili afike mazoezi ya kwaya saa tisa alasiri, huanza kujiandaa tangu jana yake: amepika, amekamua maziwa ya mtoto, amemwomba mdogo wake aje kusaidia, ameeleza dawa ya mafua iko kabati gani, na hata akifika huko anaimba jicho moja likiwa kwenye simu. Wote wawili wamepata saa tatu za kufanya wanachokipenda. Ila mmoja wao amezilipia, na mwingine amepewa.

Ushauri tunaosikia redioni na kusoma magazetini kuhusu jambo hili karibu wote ni wa kupanga muda. Amka mapema, zima televisheni, andika ratiba. Sina ugomvi nao, ila unaruka hatua ya kwanza. Saa moja ya hobi ya mzazi mwenye mtoto wa miaka miwili inadai mtu mzima mwingine awe macho na mtoto huyo saa hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kuulizana ni lini, kuna kuulizana ni nani atabaki. Nyumba ikishajibu hilo, ratiba hujipanga yenyewe kwa kiasi kikubwa. Isipolijibu, hakuna daftari wala programu ya simu itakayosaidia.

Jibu la kimyakimya tunalo siku nyingi, na hata sheria zetu zililichukulia hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ilimpa siku 3. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ilimpa mama miezi mitatu na baba wiki mbili. Sisemi mwili wa mama hauhitaji siku hizo. Unazihitaji, pengine na zaidi. Ninachosema ni kwamba baba anayerudi kazini mtoto akiwa hajatoka kitovu hujifunza mapema kuwa kubaki na mtoto ni kazi ya mwenzake, na yeye akibaki anakuwa "anasaidia". Baada ya mwaka mmoja, neno hilo la kusaidia limeshakuwa ukuta. Anayesaidia ana hiari ya kukataa. Mwenye kazi hana.

Basi tuanze na hesabu, maana ndoa nyingi hugombana juu ya muda ambao haupo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji kulala saa 12 hadi 16 kwa siku, wa mwaka mmoja hadi miwili saa 11 hadi 14, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Ukisoma haraka unaweza kushangilia: kumbe nusu ya siku mtoto amelala! Lakini mtu wa Dar es Salaam anayekaa Kimara na kufanya kazi Posta anaondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja usiku foleni ikimhurumia. Usingizi mwingi wa mtoto unaangukia saa ambazo mzazi yuko njiani, yuko kazini, au naye amelala. Zinazobaki ni zile za kati ya saa tatu na saa tano usiku, na hapo vinasubiri vyombo, nguo za kesho, hesabu za matumizi, na mwenzi wako ambaye hamjazungumza tangu Jumatatu.

Kaeni chini siku moja, karatasi na kalamu, muandike wiki yenu kama ilivyo. Si kama mnavyotaka iwe. Kila mmoja aandike saa alizotumia kwa jambo alilolifanya kwa sababu tu analipenda. Kwenda sokoni kusihesabiwe. Kwenda msibani kusihesabiwe. Kulala pia kusihesabiwe, na hapa wanaume wengi huteleza: "wewe si ulilala mchana?" Usingizi wa mama anayenyonyesha usiku ni deni linalolipwa, hauwezi kuwekwa safu moja na mechi. Mkimaliza, ukikuta kila mmoja ana saa nne au tano kwa wiki, hesabu yenu inaelekea kuwa ya kweli. Ukikuta una saa kumi na tano, kuna mtu mwingine anazilipia, na pengine amekaa mbele yako.

Kutoka hapo, ninachokipendekeza ni zamu. Jambo la zamani kuliko sisi sote, ila nyumbani hatulitumii ipasavyo. Kila mzazi awe na siku yake na saa zake zinazojulikana: mmoja Jumatano jioni, mwingine Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, au vyovyote kazi zenu zinavyoruhusu. Uzuri wa zamu ni kwamba huombi ruhusa kila wiki. Kuomba kunachosha kuliko hata kulea. Wanawake wengi waliacha kushona, kuchora, kucheza netiboli, bila mtu kuwakataza. Walichoka tu kujieleza kila mara.

Zamu ina masharti yake. Anayebaki na mtoto abaki naye kweli, asije akapiga simu kuuliza nepi ziko wapi. Kama hajui ziko wapi, atazitafuta; nyumba si kubwa kiasi hicho. Naye anayeondoka akubali kwamba mambo yatafanyika kwa mtindo wa mwenzake. Ukirudi ukamkuta mtoto kavaa fulana ya kaka yake na uji umemkaukia shavuni, lakini ameshiba na anacheka, nyamaza. Mama anayekosoa kila kitu alichofanya baba hujinyang'anya zamu yake ya wiki ijayo kwa mkono wake mwenyewe. Na muda wa kurudi uheshimiwe. Saa kumi na mbili iwe saa kumi na mbili. Usiegemee foleni, foleni ya Dar es Salaam kila mtu anaijua tangu anapoondoka.

Nichukue mpira wa televisheni, kwani ndio unaogombanisha nyumba nyingi. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa tisa alasiri ya London, kwetu huanza saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili wakati wa baridi yao. Hiyo ndiyo saa ya kumwogesha mtoto, kumlisha na kumtuliza. Mechi za Ligi ya Mabingwa za saa nne usiku husogea hadi saa tano kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Machi, na mtazamaji huamka kesho yake akiwa hafai hata kumfunga mtoto viatu. Tena mechi haina dakika 90 tu. Ina dakika 90, mapumziko ya 15, za nyongeza, kutembea hadi kibanda umiza, na ubishi wa baada ya mchezo ambao pengine ndio utamu wenyewe. Ihesabu kuwa saa tatu. Ratiba ya ligi hutolewa mapema. Ichukue, chagua mechi ambazo ukizikosa utaumwa, mwoneshe mwenzako, ziingie kwenye zamu zako. Nyingine utaangalia mabao tu. Shabiki wa Simba au Yanga anaweza kunambia hakuna mechi ya kukosa. Nitamjibu kwamba watoto nao hawana marudio.

Baada ya zamu linakuja suala la ukubwa wa hobi yenyewe, na hapa wazazi wengi hukosea kwa kudhani wana njia mbili tu: kuendelea kama walivyokuwa kabla ya mtoto, au kuacha kabisa. Ipo ya tatu, ya kuipunguza bila kuiua. Mkimbiaji aliyekuwa akijiandaa na kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi anaweza, kwa miaka miwili mitatu, kushuka hadi 21 au hata 5, na mashindano hayo yana umbali wote huo. Mazoezi ya kilomita 42 yanadai mbio ndefu ya wikendi inayokula asubuhi nzima, kisha uchovu wake unakula mchana. Mbio za nusu saa zinaisha mtoto hajaamka. Kwa afya peke yake, Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa mara tano. Kwa bahati yetu tunaokaa karibu na Ikweta, alfajiri haihamihami sana. Tofauti ya kuchomoza jua Dar es Salaam mwaka mzima haifiki saa moja, hivyo ratiba ya alfajiri ukishaizoea Machi itakufaa hata Agosti. Kwa mama aliyejifungua, mbio zisubiri. Kliniki ya siku ya 42 ndiyo mahali pa kuuliza, hasa kama alijifungua kwa upasuaji.

Zipo hobi zinazokatika na zisizokatika, na tofauti hii ina maana kuliko bei yake au heshima yake. Kusoma kunakatika: unaweka kidole ukurasani, unamfuta mtoto kamasi, unaendelea. Kudarizi kunakatika. Bustani inakatika. Kuimba kwaya hakukatiki, kwa sababu wenzako wa sauti ya pili hawawezi kukungoja. Kuogelea hakukatiki. Zinazokatika zipeleke kwenye dakika zako za katikati ya siku, mtoto akiwa pembeni yako. Zisizokatika ndizo zipewe zamu. Nimeona watu wakifanya kinyume: saa nne za Jumamosi zinaisha kwenye kitabu ambacho kingesomeka vipande vipande, halafu mazoezi ya kwaya yanakosekana.

Kuvua ndiko kunakonifurahisha zaidi katika hesabu hii. Mtu wa Tanga au Kigamboni anayevua kwa mshipi kujifurahisha hawezi kuchagua saa, maana maji hayamsubiri mtu. Kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50. Jumamosi ikiwa na maji mazuri saa mbili asubuhi, Jumamosi inayofuata saa hiyohiyo utakuta kinyume chake, na baada ya wiki mbili yamerudi karibu palepale. Ina maana mvuvi mwenye mtoto mdogo ana Jumamosi moja nzuri na nyingine mbovu, zikipokezana. Bahari imekwisha kumpangia zamu. Jumamosi ya maji mabovu ni ya mama.

Sasa kuhusu umri wa mtoto, maana mashauri mengi huzungumza kana kwamba "mtoto mdogo" ni mmoja.

Siku arobaini za mwanzo usipange kitu. Desturi yetu ya kumfungia mama ndani na kumhudumia ina hekima yake, mradi tu anayehudumiwa awe kweli anahudumiwa na si kupokea wageni. Baada ya hapo, mpaka mtoto afikishe miezi sita hivi, kuna kipindi ambacho wazazi hukipoteza kwa hofu. Mtoto ananyonya, analala, hatambai. Anabebeka. Katika kwaya zetu si ajabu kumkuta mama akiimba mtoto kalala mgongoni kwenye kitenge, na hakuna anayegeuka kumtazama. Mwenye kupenda kusoma atasoma akinyonyesha. Tumieni miezi hii. Inayofuata haina huruma.

Kuanzia anapotambaa mpaka karibu miaka mitatu, kila kilichopo chini ya kiuno chako ni chake na kitaingia mdomoni. Hapo hobi zenyewe huwa hatari. Bao lina kete 64, na komwe moja inatosha kuziba koo la mtoto. Vifungo na pini za mshonaji, ndoana za mvuvi, rangi na mafuta ya taa ya kusafishia brashi, betri ndogo za duara za saa na vifaa vya picha, ambazo zikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache: vyote hivi vinataka kufuli, kutupia juu ya kabati hakutoshi, kwa sababu mtoto atapanda kiti siku usiyotazamia. Charahani ya umeme ichomolewe ukutani kila unaponyanyuka, hata kama unakwenda kuangalia maharage tu. Mwenye bustani asiache ndoo ya maji. Mtoto anayejifunza kusimama akiinamia ndoo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, na hazami kwa kelele. Kama hobi yako haiwezi kufungiwa, ihamishie nje ya nyumba kwa miaka hii miwili: bao likachezewe barazani kwa jirani, mashine ikakae kwa fundi rafiki yako. Kulinda kwa macho peke yake huku mikono ina kazi ni kujidanganya.

Miaka mitatu hadi mitano mambo hugeuka. Mtoto anataka kufanya unachofanya. Mpe chake. Mchicha ni mwalimu mzuri kwa umri huu, unavunika wiki tatu hadi nne tangu kupandwa, na mtoto wa miaka minne bado anakumbuka kwamba alipanda yeye. Mpe ndoo yake iliyotobolewa chini, udongo na mbegu zake, na ujiandae kwamba ataing'oa miche kuangalia kama mizizi ipo. Anayependa bao amwite ahesabu kete, mashimo ni 32 na hesabu ya kujumlisha iko hapo bila daftari. Ila tusijidanganye: saa unayolima naye ni saa ya malezi. Ni tamu, lakini si zamu yako. Wale wanaosema "changanya hobi na watoto" kama dawa ya kila kitu mara nyingi wana mtu mwingine aliyeshika mtoto pembeni.

Vilevile usimgeuze kuwa wewe mdogo. Tuna mzaha wa kumvisha mtoto jezi kabla hajaota jino, naye tayari ni Yanga. Mzaha hauna ubaya. Ubaya huja pale baba aliyekosa nafasi ya kucheza anapomkimbiza mtoto wa miaka mitano uwanjani akilia. Huyo anatimiza hobi yake kwa miguu ya mwingine.

Simu nayo niiseme waziwazi, kwa sababu ndiyo yaya wa siri wa kizazi chetu. Miongozo ileile ya 2019 inasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja pia haishauriwi, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mzazi aliyempa mtoto wa miaka mitatu katuni za nusu saa ili amalize kushona shati lake sitamhukumu. Lakini hobi inayotegemea katuni kila siku imeshatafuta mtu wa kubaki na mtoto, na aliyempata ni mashine.

Mara nyingi, hata hivyo, anayebaki ni dada wa kazi, na katika kundi zima hili ndiye asiyeulizwa. Wanandoa wanapatana zamu kwa upendo, kila mmoja anapata jioni yake, na zote mbili zinabebwa na msichana aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Sheria ya kazi Tanzania inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na dada wa nyumbani ni mfanyakazi. Kama zamu zenu zinasimama kwa kula mapumziko yake, hamjapatana. Mmehamisha mzigo kwa asiye na sauti. Siku yake ya kupumzika iandikwe kwanza kwenye karatasi ile, ndipo zenu zifuate. Bibi pia aulizwe. Bibi wa siku hizi ana vikoba vyake, ana shamba, ana darasa la jioni msikitini au umoja wa wanawake kanisani. Kumletea wajukuu kila Jumamosi bila kuuliza ni kumnyang'anya hobi ili kulinda yako. Na mtoto wa darasa la pili si mlezi, hata awe na akili namna gani.

Anayelea peke yake hana wa kugawana naye ndani ya nyumba, hivyo zamu yake ataitafuta nje. Njia ninayoiona inadumu ni ya kubadilishana na mzazi mwingine ambaye nyumba yake unaijua na watu wanaoingia humo unawajua: Jumamosi hii watoto wote kwangu, ijayo wote kwako. Isiwe kwa pesa. Pesa huleta mahesabu, halafu huleta lawama. Saa kwa saa huleta heshima. Muanze na watoto wakiwa wamezoeana, na muda mfupi, saa mbili tu. Mzazi wa namna hii ana ruhusa yangu, kama inamfaa kitu, kuwa na hobi moja ndogo inayokatika na kusahau nyingine kwa muda. Hakuna anayemdai.

Kwenye pesa sina mengi. Hobi ikae kwenye bajeti kwa jina lake, iwe ni ada ya klabu ya jogging au uzi wa kudarizi, na wote wawili mjue ni kiasi gani. Hobi inayofichwa ndiyo inayoleta ugomvi, hata ikiwa ya elfu tano. Kilichonikera zaidi miaka hii ni tabia ya kumwambia kila mama anayeshona vizuri au kupika keki nzuri kwamba hiyo ni fursa. Aanze kuuza! Atakubali, kwa sababu nyumba inahitaji pesa, na kwa sababu mama anayetengeneza pesa haulizwi mbona amemwacha mtoto. Miezi michache baadaye anashona sare za harusi mpaka saa nane usiku, mteja anapiga simu alfajiri, na kile alichokuwa akikifanya ili apumue kimekuwa kazi ya pili. Biashara ni jambo jema. Ila mwenye kuigeuza hobi yake kuwa biashara atafute hobi nyingine.

Nani atasema nini? Atasema mama mkwe, mara nyingi. "Mama gani anaacha mtoto aende kuimba?" Maneno hayo yajibiwe na mtoto wake, si na mkwe. Mume akisema kwa upole, "Mama, leo ni zamu yangu, mimi ndiye ninayekaa naye," shauri limeisha. Akinyamaza na kumwachia mke ajitetee, mke ataacha kwaya ndani ya mwezi mmoja, na mama mkwe hatakuwa na kosa kubwa katika hilo.

Shaaban Robert hutajwa sana kama mfano wa mtu aliyeweza yote. Aliingia utumishi wa serikali mwaka 1926 kama karani wa forodha, na vitabu vyake vingi vilitoka akiwa mwajiriwa. Kwa watoto wake alitunga Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, binti na mvulana kila mmoja na wake. Ni kweli kazi hiyo inaonyesha kwamba kipaji na malezi vinaweza kukutana katika karatasi moja, na mzazi mwenye kalamu anaweza kuanzia hapo, kumwandikia mwanawe. Ila sisi wasomaji hatuna desturi ya kuuliza nani alikuwa akiwaangalia watoto jioni kalamu iliposhikwa. Tuanze kuuliza, kwa waandishi, kwa wachezaji, kwa wanamuziki, kwa kila tunayemsifu.

Kuna hali moja ambayo ratiba na zamu haviisaidii. Mama, au hata baba, ambaye baada ya kupata mtoto amepoteza ladha ya kila alichokipenda, siku zote, kwa wiki mbili au zaidi, halali hata mtoto akilala, analia bila sababu au haoni furaha kwa mtoto, huyo hana uvivu wala hajaringa. Anaweza kuwa na sonona ya baada ya kujifungua, nayo inatibika. Usimwambie arudi kwaya. Mpeleke kwa mhudumu wa afya. Mtoto anakwenda kliniki ya chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na siku hizo mama yuko mbele ya muuguzi tayari. Ulizeni hapohapo.

Kwa baba uliyefika mpaka hapa, nina ombi moja. Usimuulize mkeo kama angependa kutoka Jumamosi hii. Ataangalia vyombo, ataangalia mtoto, atasema hapana. Mwambie wewe utakuwa nyumbani kuanzia saa nane mchana, na uwe nyumbani saa nane.